Vita vya Fundi Zubery na Kidoti cha Shavuni

Kaeni kitako, enyi watu wa Kawajense hadi Misunkumilo, zimeni redio, mpokee habari ya vita visivyomwaga damu wala jasho la maana: vita vya Zubery bin Yunusi, Simba wa Filamu, Mkwangua Vumbi, mchapaji wa fulana aliyeamini kwa miaka ishirini na mitatu kwamba picha isiyochapwa kwanza kwenye filamu, ile plastiki angavu, ni haramu. Mimi nilikuwepo, nimeketi kwenye benchi lake nikisubiri fulana za timu yetu. Bado nazisubiri.

Asubuhi hiyo alikuja Nyanzala, mjane wa Nkwabi mfuga ng'ombe, na picha ndogo ya pasipoti, ya pekee aliyoiacha marehemu. Jumamosi ukoo ulikuwa unatimiza mwaka wa msiba, naye alitaka wajukuu waliozaliwa babu yao amekwisha kuzikwa wavae fulana zenye uso wake, wamjue.

Shujaa akatunisha kifua. "Mama! Umefika kwenye ngome! Hapo ng'ambo ya barabara yupo Bushra, mtoto wa kaka yangu, niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika fremu ya wavu ya kuchapia. Leo kanunua mashine inayopiga picha juu ya fremu moja kwa moja, bila filamu! Wallahi, nyie mtaona mwisho wake!"

"Mimi nataka uso wake tu, fundi," akasema Nyanzala.

Filamu ikachapwa, ikalazwa juu ya kioo, na vumbi la Kawajense, ambalo halijapata kumheshimu fundi yeyote, likaiparamia. Zubery akapiga bismillahi, akachomoa wembe. Akaua punje moja kwenye paji la uso, akaua mbili kwenye kola, ndipo akamwona jemadari wao: mweusi, mviringo, mkaidi, amepiga kambi shavu la kushoto. Ee mashujaa wa kale, mlikuwa wapi? Akakwangua huku ulimi uko nje, akapuliza, akakwangua tena. Picha yenyewe ilikuwa mezani, chini ya kiwiko chake, wala hakuitupia jicho.

"Amekufa!" akanguruma. Nadhani alitaka tumpigie vigelegele.

Akaibana filamu kwenye fremu iliyopakwa dawa inayogandishwa na mwanga, akaianika juani, akaiosha, akaburuza wino, akatoa fulana ya kwanza. Nyanzala akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga.

"Huyu siye."

"Siye? Mama, tazama pua! Tazama masikio!"

"Pua yake. Lakini kidoti chake kiko wapi? Alizaliwa nacho, hapa shavuni. Siku ya kwanza kule mnadani niliona kidoti kabla sijamwona yeye." Akaanza kulia kimya kimya. Nami niliyekuwa nimejiandaa kucheka, nikashindwa.

Filamu ile ilikuwa ya mwisho. Nyingine zilikuwa kwenye basi kutoka Mwanza, na zilikuwa kwenye basi hilo tangu Jumatatu. Basi Simba wa Filamu akaichukua picha, akavuka barabara hatua kumi na nne, mjane nyuma yake, nami nyuma ya mjane.

"Ewe Bushra, binti wa kaka yangu! Sikuja kwa kushindwa, bali hali ya vita..."

"Baba mdogo, leta picha."

Mashine ikapita juu ya fremu, ikidondosha wino mweusi juu ya dawa yenyewe. Hapakuwa na filamu ya vumbi kulalia, wala kioo, wala cha kukwangua; kilichokuwa kwenye picha ndicho kilichotua. Chai niliyovuka nayo haijapoa, fremu ilikwishapigwa mwanga na kuoshwa, na fulana ikatoka.

Shavuni palikuwa na kidoti.

Mkono wa Zubery ukazama mfukoni. Niliuona. Ulikuwa umeushika wembe, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitatu, na Bushra akauona pia. Kisha, andikeni enyi waandishi wa Katavi, mkono ukatoka mtupu.

Nyanzala akakigusa kidoti kabla wino haujakauka, Bushra asiwahi kumzuia. "Ndiye," akasema, na fulana ile hakuirudisha tena mezani.

Hivyo ndivyo Zubery bin Yunusi alivyoshinda: kwa kutofanya kitu. Nimemjua tangu afungue duka, na hiyo ndiyo kazi yake bora kuliko zote.