Mafaili Yote Sasa Yanafanana

Idara ya Mafao ya Wastaafu ina furaha kuutangazia umma kwamba mafaili yake yote, kuanzia makao makuu hadi matawini, sasa yanafanana. Yote ni matupu.

Mimi ndiye Afisa Uhusiano, na naomba nieleze mafanikio haya kabla hayajapotoshwa na wenye midomo mirefu.

Mkurugenzi wetu, mtu wa kuona mbali, aliagiza kompyuta zote ziunganishwe na hifadhi moja ya mtandao, kisha ziige ya kwake. Akiandika, zinaandika. Juzi akahitaji nafasi ya kuweka video za harusi ya bintiye, akafuta folda moja nzito iitwayo "Watumishi". Kompyuta zote nazo zikafuta, papo hapo. Utii wa namna ile sijawahi kuuona kwa watu wanaolipwa mshahara.

"Si nimefuta kwangu tu?" aliuliza.

"Kwako ndiko kwetu, bosi," alijibu fundi wa kompyuta.

"Na nakala ya akiba?"

"Nayo imeiga."

Asubuhi iliyofuata mkunga mstaafu alifika dirishani kufuatilia pensheni yake. Karani akabonyeza, akabonyeza tena.

"Mama, wewe humo kwenye mfumo."

"Simo? Mwanangu, wewe mwenyewe nilikupokea mimi ulipozaliwa!"

Karani akabonyeza mara ya tatu. Mfumo hautambui mambo ya kifamilia.

Mkurugenzi hakutetereka. Alitoa waraka: asiyeonekana kwenye mfumo hakuwahi kuajiriwa, mpaka alete shahidi atakayethibitisha kwamba alifanya kazi. Foleni ikazunguka jengo. Mkunga alipata mashahidi chungu nzima, wengine wamebeba watoto aliowapokea kwa mikono yake.

Bahati mbaya, folda ile ilikuwa na jina la Mkurugenzi pia, na yeye, tofauti na sisi wafanyakazi tulioshuhudiana mapema, hakuwa ameleta shahidi. Jumatatu mlango wa ofisi yake ulikataa kadi, na mlinzi akamzuia.

"Unanijua mimi ni nani?"

"Shikamoo, mzee. Mimi nakujua. Mfumo ndio haukujui."

Alinipigia simu nikamshuhudie. Kwa masikitiko, nilimweleza kwamba taratibu haziniruhusu kuzungumzia mambo ya Idara na mtu wa nje.

Basi akasimama mbele ya foleni, tai imelegea, akapaza sauti:

"Jamani, hakuna hata mmoja wa kushuhudia kwamba nilikuwa nafanya kazi hapa?"

Watu wakatazamana. Walijaribu kukumbuka kwa moyo safi kabisa.

Mkunga ndiye aliyemhurumia.

"Kufanya kazi, baba," aliuliza taratibu, "au kuja kazini?"