Upepo Ulioniruka

Jumatatu, 10 Machi 2025
Upepo wa jana umeezua nusu ya Rubondo, mtaa wetu hapa kambi ya wakimbizi. Kanisa halina paa. Jirani yetu Mama Libérate, mjane wa Kirundi, hana paa. Mimi ninalo! Lote, mabati yenye kutu ambayo mke wangu Gisèle aliyanunua kwa maharage yake. Upepo umeniruka. Na kanisa moja la Mbarara linaleta mabati mapya, kwa walioezuliwa tu. Gisèle anamshukuru Mungu. Hana hesabu kabisa.

Jumanne, 11 Machi
Nimejitolea kuwasaidia walioezuliwa! Gisèle amenishika paji la uso, akidhani nina homa. Salongo ya Jumamosi, ile kazi ya bure ya mtaa mzima, sijawahi kwenda hata moja, na hii ni salongo tu, ila ina jile, kizibao cha rangi ya machungwa. Mkubwa wetu ni Onesphore, Mrundi, mtu wa kazi na maneno machache. Simpendi. Lakini wenye jile ndio watakaogawa.
Gisèle alipompeleka mtoto wetu Diane kliniki, huko Base Camp, makao makuu ya kambi, nilipanda juu nikaiezua nyumba yangu mwenyewe. Mabati nimeyaficha nyuma ya migomba, chini ya majani makavu. Aliporudi nikamwambia upepo umepita tena. Akaangalia migomba. Hakuna jani lililotikisika.
"Baba Diane, mutoto atalala wapi?"
Nikamwambia avumilie siku mbili.

Alhamisi, 13 Machi
Mbarara, nyuma ya lori, na Onesphore. Mama Orpa wa kanisa ametuambia michango imekuwa kidogo. Tumepewa misumari. Misumari! Nikamweleza kuwa mimi pia nimeezuliwa.
"Wewe iko na nguvu," akasema. "Saidia wengine kwanza."
Njiani Onesphore akapata wazo, kwa bahati mbaya. Upepo lazima ulitupa mabati vichakani, kesho tuyatafute. Nikasema kuna nyoka. Akasema basi nitangulie mimi, kwa kuwa nawajua.

Ijumaa, 14 Machi
Kutwa nimewazungusha wenzangu mbali na migomba. Tumepata bati moja na ndoo. Jioni Onesphore akaingia migombani kujisaidia, akaita watu. Wote wakashangaa: upepo umeyapanga mabati moja juu ya jingine, kisha ukayafunika! Ningesema nini? Wameamua yaende kwa Mama Libérate.

Jumamosi, 15 Machi
Nyundo nimepewa mimi. Nimegongelea mabati yangu juu ya nyumba ya jirani. Kila tundu la zamani nalijua. Mama Libérate amelia, ameniombea Mungu anijengee na mimi. Onesphore alinishikia ngazi, akinitazama. Namchukia mtu huyu.

Jumapili, 16 Machi
Mvua usiku kucha. Gisèle na mtoto wamelala kwa Mama Libérate, pakavu. Mimi chini ya meza. Asubuhi nikawafuata. Gisèle alikuwa amelala chali, macho kwenye mabati ya paa.
"Iyi manjanja ninaijua," akasema. "Tutabakia chini yake."
Mama Libérate akamwambia akae tu, hata mwaka. Mimi hakuna aliyenikaribisha hata chai. Imeniuma sana, naandika ukweli.

Jumatatu, 17 Machi
Nyumba tupu, matope mpaka kitandani. Ila kuna habari! Mvua imebomoa vyoo vingi, na watu wengine wa Mbarara wanaleta vipya, vya saruji. Wanatafuta wa kujitolea. Nimejiandikisha wa kwanza.
Kisha nikaenda kukiangalia choo changu. Kimesimama imara, hakina hata ufa. Bahati yangu ileile.
Nimekwenda kwa Mama Libérate kuazima sururu.