Rimu ya Lornah na Komputa ya Mifumo Miwili

Jumatatu, 3 Machi
Kamati ya kanisa imekubali! Wiki moja ya majaribio. Marehemu mke wangu Lornah ndiye aliyegonga rimu ya gari kuita watu kwenye sala ya asubuhi. Tangu tumzike, jirani Ondiek anainyemelea. Kazi hiyo ni ya nyumba hii! Mgongo wangu hauwezi, basi nimerekodi mlio kwenye komputa ya Lornah na kufunga spika juu ya bati. Komputa ina mifumo miwili ya uendeshaji, huwashwa mmoja mmoja: wangu, wenye kengele, na wake, wenye nyimbo alizorekodi na kwaya. Jioni nikafungua wake. Anakohoa kabla ya ubeti wa pili.

Jumanne, 4 Machi
Kengele imelia saa tatu asubuhi badala ya kumi na mbili! Watu walishafika sokoni Kibuye. Kwa Lornah saa ni sawa. Kwangu iko nyuma kwa saa tatu. Ondiek akapaza sauti barabarani: saa ya Kizungu na ya Kiswahili hupishana sita, "sasa Baba Sheryl, komputa yako imejua Kiswahili nusu!" Nilicheka. Kidogo. Nimerekebisha kwangu.

Jumatano, 5 Machi
Kumi na mbili kamili! Mwenyekiti, Mama Adongo, amenisalimia kwa mikono miwili. Jioni nikafungua kwa Lornah: saa yake iko mbele kwa saa tatu! Sikutaka abaki na saa mbaya. Nikarekebisha.

Alhamisi, 6 Machi
Imelia saa tatu tena. Akili ikanijia. Kwangu kunachelewa saa tatu? Basi nitegeshe kengele saa tisa usiku, italia kumi na mbili! Kisha nikaona saa yenyewe bado imekosea. Aibu. Nikainyoosha.

Ijumaa, 7 Machi
Imelia saa tisa usiku. Mama Adongo alikuja na Biblia, akauliza kama Bwana amerudi. Nikamwambia bado.

Jumamosi, 8 Machi
Rimu amepewa Ondiek. Nimewasihi kamati, wamenipa nafasi ya mwisho, kesho. Binti yangu Sheryl anasema mifumo yote miwili husoma saa ile ile iliyo ndani ya komputa, ila kila mmoja huielewa kivyake. Tubadilishe mstari mmoja tu wa mipangilio, mmoja umfuate mwenzake. Nikauliza nani amfuate nani. Mimi na mama yake hatukuwahi kuelewana hapo. Tena mstari mmoja tu uamue jambo hilo! Hapana. Wawili wakigombana hutafutwa msuluhishi. Leo naweka mfumo wa tatu.