Gari Lisilonywa Petroli

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeshinda! Kikao cha harusi kimekwisha kwa mama mkwe Chamazi, na gari la bi harusi ni langu. Shemeji yangu Farhan, kaka wa mke wangu Munira, alikuwa ameshaosha Noah yake na kuleta picha ya maua atakayoibandika. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza mama mkwe, Bi Mwanaasha, kwa adabu zote, kama kweli anataka mwanawe Lulu aingie ukumbini Kunduchi ananuka petroli. Nikaongeza kwamba gari langu la umeme halina moshi, halina kelele, wala halijui sheli iko wapi. Mama mkwe akasema basi, apewe Nassibu. Farhan akaniuliza kwa upole kama litafika. Wivu tu!

Kweli, betri imechoka kidogo. Ni mtumba. Hashil aliyeniuzia alisema likiwa jipya lilikuwa linajaa vijiti kumi na viwili vya chaji kwenye dashibodi. Langu likijaa linaonyesha saba. Alisema saba ni namba ya heri. Chamazi mpaka Kunduchi ni kuuvuka mji mzima, lakini saba vinatosha ukiendesha kistaarabu. Nimepiga hesabu kichwani. Sie madalali wa vyumba hatukosei hesabu.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa Tabata. Nyumba tunayopanga ina mita moja ya LUKU, wapangaji tunachangia sawa kwa sawa. Nilipitisha waya dirishani, gari likanyonya. Asubuhi yuniti zimekwisha, nyumba nzima haina umeme. Jirani yangu Sesilia, anayeuza ice cream za ukwaju, kafungua friji kakuta supu. Akaufuata ule waya kutoka kwenye soketi mpaka kwenye gari.

Nikamweleza kwamba gari la umeme linatunza mazingira.

"Mazingira yangu ndiyo haya yanayodondoka," akasema.

Wapangaji wakakaa kikao palepale, miswaki mdomoni. Hukumu: niruhusiwe kuchaji simu tu. Nimenunua ice cream zote zilizoyeyuka ili yaishe. Tumezinywa na Munira kwa vikombe. Tamu! Ila kwa bei ile ningeweza kujaza tenki la Noah. Munira ndiye aliyesema hivyo, si mie.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemshawishi Gregori kinyozi. Nimemwambia gari la kisasa likisimama mbele ya saluni linavuta wateja. Akakubali. Nikachomeka. Nusu saa ya raha mustarehe. Halafu extension ikaanza kunuka, ikalainika kama chapati ya maji, paa! Saluni giza. Kwenye kiti alikuwepo mzee mmoja, kanyolewa upande wa kulia tu. Nikampa shikamoo. Hakuitikia.

Fundi umeme Brightson kaja, kaicheka ile extension, kanieleza kwamba gari hili linataka waya wake mnene na soketi yake peke yake. Nikauliza gharama. Akataja. Nikasema nitarudi. Nikauliza na betri mpya. Akasema betri mpya itazidi bei niliyonunulia gari. Huyu fundi hanipendi.

Alhamisi, 7 Agosti

Wazo! Mama mkwe ana mita yake mwenyewe, na mtu kwenda kumjulia hali mama mkwe ni thawabu.

Nimefika Chamazi mapema, nimechomeka, nimetulia. Nimekuna nazi. Nimechambua mchele wa harusi. Nimesikiliza habari za goti lake la kushoto, kisha la kulia. Bi Mwanaasha machozi yakamlenga. Kasema ana wakwe wanne, na aliyemkumbuka siku kama hizi ni mie peke yangu. Kaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina huku nachungulia dirishani kama taa ya chaji bado inawaka.

Nimeondoka na vijiti viwili vya ziada. Foleni ya Mbagala ikala vyote viwili, na kimoja changu juu. Munira kaniuliza kwa nini sikubaki hukohuko gari likajaa. Nikamjibu hilo nilishalifikiria. Sikuwa nimelifikiria.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nimehamia Chamazi na begi la nguo. Nimechomeka gari kwenye soketi ya sebuleni na kutangaza kwamba waya huu haugusiki. Nyumba imejaa wageni. Mashangazi wa Tanga, mashangazi wa Bagamoyo, spika mbili za singeli uani. Somo wa bi harusi, Bi Bahiya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutosha uwanja wa mpira, kaulizia soketi ya pasi. Nikamwelekeza jikoni. Akautazama waya wangu.

Kesho gari litakuwa limejaa. Farhan atakoma!

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Asubuhi nimekuta waya wangu sakafuni. Kwenye soketi: pasi. Mezani: kanga za watu wote, zimenyooka kama karatasi. Gari: vijiti vinne. Bado ningeweza kusema. Farhan alikuwepo hapo nje, Noah imeng'aa, kaniuliza, "Vipi shemeji, mambo sawa?" Nikasema limejaa mpaka linamwagika.

Tukaondoka. Mbele pikapu ya matarumbeta na jenereta yao ya kinanda. Katikati mie, Lulu na Bi Bahiya. Nyuma Farhan na Noah yake iliyojaa mashangazi. Mpaka Mbagala nilikuwa mfalme, watu wanapiga vigelegele barabarani. Nilipoingia barabara ya Mandela kilibaki kijiti kimoja na nusu. Nikazima AC. Nikamweleza Lulu kwamba upepo wa AC hauwafai mabibi harusi, unakausha nyota.

"Nassibu!" Bi Bahiya akafoka. "Unamchemsha mtoto wa watu?"

Poda ya Lulu ikaanza kuteremka shingoni. Tulipokaribia Tabata nikapendekeza tupitie kwangu mara moja tunywe maji. Lulu akasema hana kiu. Nikasema mie ninayo. Akaniambia nimeze mate.

Ubungo, ikaja alama ya kobe kwenye dashibodi. Kobe kweli, kachorwa! Gari likawa linatembea kama anayepeleka kadi za mchango. Mwenge tukapitwa na mkokoteni wa maji, mwenye mkokoteni akampa Lulu hongera. Afrikana, kabla kidogo ya kufika njia ya kwenda Kunduchi, likasimama. Halikupiga kelele, halikutoa moshi. Hapo sikusema uongo.

Nikamgeukia Lulu. Nilitaka kusema limechemka, nikakumbuka halina cha kuchemka. Alikuwa anatetemeka mabega. Huyu binti nimemjua tangu anavaa sare za shule ya msingi, akitumwa kuninunulia vocha, na leo siku yake nimeiharibu kwa ubishi wangu na kaka yake. Nikaanza kuomba radhi.

Kumbe anacheka. Anacheka mpaka wanja unashuka. Akafungua mlango, akakusanya gauni lake lote kifuani, akawaambia wapiga matarumbeta wamshike mkono. Akapanda pikapu! Bi Bahiya akapandishwa nyuma yake na wanaume watatu, akalishushia dua gari langu, sina hakika kama zilikuwa za heri. Lulu akakaa juu ya ngoma kubwa. Tarumbeta zikalia. Afrikana nzima ikasimama kutazama. Nimeoa, nimeozesha, nimehudhuria, lakini bi harusi aliyeingia ukumbini kwa kishindo kile sijawahi kumwona. Hata mie sikumwona, nilihadithiwa. Nilikuwa Afrikana.

Aliyebaki nami ni Farhan. Alimpa mtu mwingine ashike usukani wa Noah, akawaomba wapiga matarumbeta waniachie jenereta. Jenereta nayo haina mafuta. Akaenda sheli kwa miguu, suti na kila kitu, akarudi na kidumu. Sikuuliza nitalipaje. Hakusema neno la kuniudhi, jambo lililoniudhi zaidi. Akanikabidhi kidumu nimimine mwenyewe, na nilipoinama kumimina, akapiga picha.

Jenereta ikanguruma, moshi ukatanda, gari langu safi likanywa petroli kwa mlango wa nyuma. Tukakaa juu ya boneti tukila karanga. Akaniambia Lulu akiwa mdogo alikuwa anapenda kupanda kila gari la mchanga lililopita, baba yao marehemu anamfukuza na ndala. Tukacheka sana. Ni mtu mzuri, Farhan. Inakera.

Tulifika ukumbini pilau imebaki ukoko. Mama mkwe alininyooshea kidole, kisha akaniwekea sahani aliyokuwa ameificha chini ya meza. Nyama mbili! Ile dua ya Alhamisi bado inafanya kazi.

Jumapili, 10 Agosti

Picha yangu na kidumu imesambaa kwenye grupu la familia. Mashangazi wa Tanga wameiweka kwenye wasifu. Munira kaniomba kwa upole niuze gari. Nimemwahidi nitalifikiria.

Lakini hawajui jana nilikaa meza moja na nani. Mzee Azzam, mjomba wa bwana harusi, mwenye boti tatu za kubeba watalii pale Kunduchi! Kalalamika mafuta ya mashine yanamfilisi. Nikamsogelea. Nikamuuliza kama amewahi kufikiria boti ya umeme. Haina moshi, haina kelele, samaki hawashtuki. Akaacha kula. Hashil ninamjua, betri za mtumba atatupatia, na baharini hakuna foleni wala vilima. Nikiweka na pesa nitakayouzia gari, ninakuwa mbia wa nusu. Jumatano tunakwenda kupima.

Munira kauliza chaji ikiisha katikati ya maji itakuwaje. Swali la kitoto. Itakuwa vizuri tu. Angalau huko Farhan hawezi kufika na Noah.