Magogo Mliyoyaita Takataka

Dzigbodi Kpeglo,
Mwenyekiti, Umoja wa Wapika Gongo,
Agbokofe.

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Mafuta ya Mimea,
Banda la bati la buluu, nyuma ya soko,
Agbokofe.

YAH: OMBI LA KUIONDOA MASHINE YENU HAPA MJINI

Ndugu Mkurugenzi,

Najua wewe ni Senyo, mtoto wa marehemu kaka yangu, na najua ungependa nije tu hapo bandani nikwambie kwa mdomo. Sitakuja. Jambo hili ni la kiofisi, na ya kiofisi huandikwa. Nimevaa hadi viatu ili niiandike barua hii. Kwa hiyo humu ndani mimi si shangazi yako, wala wewe si mwanangu, mpaka nitakapofika kwenye salamu.

Kwa heshima na taadhima, sisi wapika gongo wa Agbokofe, wanawake kumi na wanne na mwanamume mmoja, tunaleta malalamiko yafuatayo.

1. Mliyaita magogo yetu takataka. Siku ya kwanza ulipokuja na wenzako wa chuo kikuu, ulisimama sokoni ukasema, "Ndugu zangu, mkishauangusha mchikichi na kugema tembo lake, gogo linabaki linaoza bure. Sisi tutaichukua takataka hiyo, tutaisaga, tutaichachua, tutatoa mafuta ya kuendeshea injini. Hatugusi chakula cha mtu." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa sababu suti ilikukaa vizuri.

Lakini Mkurugenzi, nani alikwambia gogo linaoza bure? Gogo likilala wiki chache shambani linajaa mabuu, manene, meupe, ya kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Likilala zaidi linaota uyoga. Ulipokuwa na miaka minne ulimng'ata binamu yako kidole kwa sababu ya bakuli la mabuu hayo, na alama anayo mpaka leo. Chuo kikuu gani kilikusahaulisha? Tangu mashine ianze kusaga, hakuna gogo linalofikisha siku ya tatu chini. Nina miezi miwili nakula akple, ugali wetu, kwa mchuzi wa bamia mtupu. Ukisema hugusi chakula cha mtu, njoo uchungulie chungu changu.

2. Shemasi Korbla Fiadzo. Huyu mlimwajiri aendeshe pikipiki yenu ya matairi matatu, ile inayokusanya magogo, mkaitilia mafuta hayohayo ya mradi ili watu waone kwamba yanafanya kazi. Watu hawakuona, walinusa. Kila anakopita, moshi unanuka gongo kama matanga ya tajiri. Jumatano moja alitoka kazini akaenda moja kwa moja kwenye mazoezi ya kwaya. Mchungaji alimsogelea kumsalimia, akavuta pumzi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Shemasi, umekunywa?"

"Sijanywa, Mchungaji. Aliyekunywa ni pikipiki."

Mkurugenzi, wewe na mimi tunajua hilo lilikuwa jibu la kweli. Lakini ndilo hasa jibu ambalo mlevi angelitoa. Amesimamishwa kuimba miezi mitatu. Sauti nzito kwenye kwaya yetu ni yake peke yake, na sasa Jumapili tunamsifu Mungu kama vifaranga. Mkewe akaja kwangu amefura: "Dzigbodi, unamuuzia nini mume wangu?" Mimi! Miaka thelathini na moja ninapika, na katika mji huu mzima ambaye hajawahi kugusa kikombe changu ni huyohuyo Korbla.

3. Yale mabaki yasiyogeuka mafuta, mmeyachemsha na madawa yenu mpaka yakatoa unga wa harufu ya vanila, ambao nasikia viwanda vya biskuti vinausubiri. Hongereni. Ila upepo ukitoka bandani kuja sokoni, mji mzima unanukia keki ambayo haipo. Yawa Sedoame, muuza mkate wetu, hana amani tena. Watu wanamjia wakimeza mate.

"Yawa, keki ziko wapi?"

"Sina keki."

"Mbona zinanukia? Unamfichia nani?"

Juzi mwalimu mkuu mstaafu, mtu mzima na heshima zake, aliingiza kichwa ndani ya tanuri la Yawa ili ahakikishe mwenyewe. Miwani ikaanguka kwenye majivu. Yawa ameniagiza niandike hivi, nami naandika kama alivyosema: ama mlete hizo keki, ama mzibe madirisha.

4. Bango lenu linasema "Mafuta ya Kizazi Kipya". Kizazi kipi? Bibi yangu alipika, mama yangu alipika, mimi napika. Pipa, moto, bomba la shaba, ndoo ya maji baridi. Niliingia bandani kwenu nikaona pipa kubwa, bomba, na maji baridi. Tofauti niliyoiona ni kwamba lenu linang'aa na lina saa nne ukutani za kupimia joto. Kwa hesabu zangu wewe ni kizazi cha nne cha wapika pombe katika ukoo huu, na ndiye wa kwanza kuitia uchungu makusudi ili isinyweke. Mwanamume wetu mmoja kwenye Umoja alionja tone. Siku tatu hakusikia ladha ya pilipili. Marehemu mama yangu hakuwahi kumfanyia mteja kitu kama hicho.

5. Lalamiko hili naliandika polepole.

Unakumbuka wiki ile ya wageni. Umeme ulikatika siku mbili, hamira mliyoagiza nje ya nchi ikafia kwenye friji, na pipa lenu likabaki kimya kama maji ya kuoshea vyombo. Asubuhi, kabla sijapiga mswaki, ukabisha hodi.

"Shangazi, limelala."

"Nani kalala?"

"Pipa. Halichachuki. Wageni wanakuja keshokutwa, na wasipoliona linafanya kazi, mradi unafungwa."

Ulikuwa na macho mekundu. Sikukuuliza kitu kingine. Nilichukua chungu cha mashapo ya tembo, kile cha bibi yako Adzo, ambacho tangu siku aliyoniachia sijawahi kukiacha kikauke hata nilipokuwa na homa ya kunilaza kitandani. Nikakubeba wewe na chungu, maana ulikuwa hujiwezi. Nikawaambia wahandisi wako wafunike pipa kwa magunia, wanyamaze, wasilifunuefunue. Nikamimina. Nikakaa hapo kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgongo unaniuma, mpaka mchana lilipoanza kunguruma. Mmoja wenu alilia. Nilimwona.

Keshokutwa yake wageni wakaja, ukasimama mbele yao ukasema, "Tumegundua hamira ya kienyeji yenye nguvu za ajabu."

Mmegundua! Mlinigundulia wapi? Nilikuwa safu ya tatu, nimevaa kitambaa cha njano, nakutazama.

Halafu ikaja ripoti. Nimesomewa ukurasa wote. Imeandikwa kwamba hamira hiyo "ilipatikana katika mazingira ya Agbokofe". Mimi ni mazingira, Senyo? Bibi yako ni mazingira? Nilipokuuliza siku ile pale kisimani ulisema, "Shangazi, kwenye ripoti za kisayansi hatuandiki majina ya watu." Nikakwambia, "Majina manane yapo juu ya jalada, la kwako likiwa la kwanza." Nikarudi nyumbani nikafunga mlango, na siku hiyo sikupika.

Mama yangu hakujua kusoma. Alijua chungu kikiwa na njaa, alijua kikishiba, kwa kukitegea sikio tu. Kitu chake kimefika mpaka kwenye kitabu chenye muhuri, na yeye hakufika nacho.

Kwa sababu hizo zote, tunaomba mashine iondolewe. Kama haiwezi kuondolewa kwa uzito wake, basi igeuzwe, upepo wake uelekee kwa wale wa ng'ambo ya mto ambao hawajawahi kutupenda. Kama haigeuki, basi sisi kumi na watano tupewe vyeti vya uhandisi, tena vyenye picha, maana kazi tunayoifanya ni ileile na tulianza mapema. Na kama chuo kikuu kitakataa kutoa vyeti, basi itabidi wewe, Mkurugenzi, ufanyiwe mtihani na sisi. Utafika kwangu siku tutakayokupangia. Utapika pipa moja bila saa ya ukutani hata moja, utatikisa chupa, utasoma nguvu ya pombe kwenye mapovu. Ukifaulu, utabaki. Ukifeli, utaanza upya darasani kwetu kwa kuchota maji, kama sisi sote tulivyoanza.

Vilevile ripoti iandikwe upya, na hamira iitwe Hamira ya Adzo Kpeglo. Hili halina kama.

Mpaka tutakapopata majibu kwa maandishi, chungu cha mashapo nimekifunika na kukifunga kamba. Najua kila mnapoanzisha pipa jipya mnatuma mtu kwangu na ndoo. Asitumwe. Jina langu maana yake ni Subira, lakini ofisini kwangu imekwisha.

Naamini malalamiko haya yatakufikia ukiwa mzima wa afya, na yatakutoa usingizini kama yalivyonitoa mimi.

Sasa nimevua viatu, kwa hiyo nakusalimu, mwanangu. Msalimie mkeo, na umwambie kitambaa alichonitumia kimetosha. Wasalimie wahandisi wako wote, hasa yule aliyelia. Msalimie mlinzi wa banda, jino lake limepoa? Yawa anakusalimu kwa hasira, Korbla anakusalimu kwa sauti ya chini, na binamu yako anakusalimu kwa mkono wenye kidole kile.

Wako katika malalamiko na katika ukoo,

Dzigbodi Kpeglo
(Mwenyekiti)

N.B. Lile jiko dogo la mafuta ya mradi, mojawapo ya yale mkeo aliyowagawia wanawake wayafanyie majaribio, nililichukua ili nilitafutie kosa niliandike hapa kuwa lalamiko la sita. Leo ni siku ya kumi na tisa, kosa silioni. Halitoi moshi. Kikohozi changu cha asubuhi, ambacho majirani walikuwa wakikitumia kuamkia, kimekwenda sijui wapi. Macho hayawashi. Jana nimetunga uzi kwenye sindano mwenyewe, mara moja tu, nikakaa nimeishika ile sindano muda mrefu kabla sijaanza kushona. Na barua hii yote nimeiandika kwa mkono wangu, bila kumwomba mtu anionyeshe mstari uko wapi.

Mafuta yamekwisha leo mchana, mchuzi ukiwa nusu. Tafadhali tuma kopo jingine upesi, kubwa, na atakayelileta aje na ndoo, mashapo yapo tayari. Asichelewe, mwanangu. Mafiga yangu ya kuni nilishayang'oa wiki iliyopita.