Vyuma Visivyolia

Jumatatu, 17 Juni 2024

Leo kijiji chetu cha Lweba kimeona akili ni nini. Kikao cha harusi ya binti yangu Merveille kilikwama kwenye kitoweo. Mbalamwezi imekomaa, wavuvi hawatoki, ndagala, dagaa wetu wa ziwani, hakuna, na ukoo wa bwana harusi unashuka Jumamosi kutoka Fizi na njaa yao yote. Shemeji yangu Déogratias, kaka wa mke wangu, akasema polepole, kama anavyosema kila kitu, kwamba atatega nyavu bondeni. Nguruwe pori wanashuka kila alfajiri kula muhogo wetu, huenda akapata wawili. Watu wakaitikia kama kanisani.

Nikasimama. Nikasema baba wa bibi harusi ni mimi, nyama nitaleta mimi, kwa mkuki, kutoka juu ya mti. Kikao kizima kikainamisha vichwa. Kwa heshima, naamini.

Mti upo: mvule mrefu pembeni ya shamba la mke wangu Florentine. Hauna tawi la chini, mtu wa kawaida hapandi. Mimi nimechora vyuma vya kupandia. Vipande vya bomba, kila kimoja kina vikanyagio kushoto na kulia. Unakifunga kwenye shina kwa mkanda, unakanyaga, unafunga kingine juu yake. Bomba nimelipata nyumbani. Nimelipeleka mjini Baraka kwa Bienfait, fundi wa kuchomelea. Akauliza mbona lina rangi ya kitanda. Nikamwambia achomelee.

Jumanne, 18

Mama mkwe, Mama Félicité, amefika kwa ajili ya harusi. Florentine akampeleka chumba cha wageni, akatoka taratibu, akaniuliza miguu ya kitanda imeenda wapi. Nikaeleza kwamba siku hizi wanaojali mgongo wanalala karibu na ardhi. Mama mkwe akasema, bila kunitazama, kama inavyompasa kwa mkwe wake, kwamba mgongo wake haukuomba ushauri.

Jioni nikaleta vyuma kwa pikipiki. Vizuri kuliko nilivyochora. Kasoro moja ndogo: vinalia. Dereva aliniomba nivikumbatie, kwa sababu watu njiani walidhani pikipiki yake inavunjika na walikuwa wanamwonea huruma.

Jumatano, 19

Alfajiri nikaenda shambani. Nikafunga chuma cha kwanza. Ngwaa. Nikafunga cha pili, kikagonga cha kwanza. Kwenye muhogo nikasikia miguu mingi ikikimbilia bondeni.

Bondeni ndiko zilikokuwa nyavu za Déogratias. Amepata nguruwe mmoja. Mwembamba, hatoshi hata meza ya wazee, lakini ungeona alivyopokelewa. Bamama walimwimbia njia nzima.

Mchana akaja kwangu, akakaa, akakataa maji, akasema, "Shemeki, kesho urudie tena na ile byuma. Upige tu. Nguruwe batakuja kwangu, nyama tutagawa."

Nikamwelewa mara moja. Wivu. Anataka mimi, baba wa bibi harusi, niwe mpiga debe wa nyavu zake. Nikamjibu kwamba kesho vyuma hivi havitasikika hata na mwenye kuvishika. Akaaga.

Alhamisi, 20

Siku ya utafiti. Kwanza nilizungushia vitambaa: viliteleza vikaanguka. Kisha nikapaka mawese kwenye vifungo. Mlio ukaisha kabisa, ila mguu nao haukai kwenye kikanyagio. Nimeshuka mvule kwa kifua. Florentine amesema shati hilo sasa linatosha kupikia sombe, majani ya muhogo.

Ndipo likanijia: mpira. Nikaenda kwa Fabien, anayeziba matairi ya pikipiki hapa barabarani, nikachukua mipira yake yote ya ndani iliyokwisha kufa. Nikaikata vipande virefu, nikavivuta, nikavifunga kila mahali chuma kinapokutana na chuma. Nikagonganisha viwili. Hakuna kitu! Kama kugonganisha mabonge mawili ya bugali.

Nikavibeba mgongoni nikakimbia kuzunguka kikao cha harusi, kilichokuwa kimekutana tena. Hakuna aliyegeuza kichwa. Nikarudia. Hapo mchungaji akasema tumwombee Papa Merveille.

Merveille peke yake hakucheka. Alinifuata nyuma ya nyumba, macho mekundu. "Papa, bageni batakula mipira?" Nikamwambia alale bila wasiwasi. Lakini mimi mwenyewe, naandika ukweli, bugali wa jioni niliuacha nikaenda kuvigonganisha tena.

Ijumaa, 21

Ushindi.

Nilifika kungali kijivu. Nikafunga cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi tawini. Nilisikia moyo wangu, vyuma sikuvisikia. Nikakaa. Nikafungua vyuma kimoja kimoja kwa uzi wa kuvulia nilioufunga kwenye kila mkanda, nikivivuta juu, nisiache hata harufu ya mpira chini. Hakuna mwindaji wa Fizi aliyewahi kupanda mti namna hiyo.

Wakaja. Dume kubwa, majike, watoto. Wakasimama chini yangu hasa, wakaanza kufukua muhogo. Hawakuinua hata sikio. Karibu nilie kwa furaha. Nikanyoosha mkono kuchukua mkuki.

Mkuki ulikuwa chini. Niliuegemeza kwenye shina wakati wa kufunga, mikono ikiwa imejaa. Dume akajikuna nao mgongo, ukaanguka, akaukanyaga, akaendelea kula.

Sikukata tamaa. Nilikuwa na chuma kizito mkononi. Nikamlenga kichwani, nikaachia. Kikaanguka kwenye udongo laini pembeni yake: puf. Akakinusa. Akarudi kwenye muhogo. Nikaachia cha pili, cha tatu, vyote. Puf, puf. Jike moja lilihama kidogo kupisha. Kazi ya mpira ilikuwa kamili, na ninasema hivi kama mtu aliyeikagua kutoka juu.

Baada ya hapo sikuwa na cha kutupa, wala cha kushukia. Wao wakala. Mstari mmoja, mstari wa pili. Jua likatoka.

Florentine akaja na mama yake, na jembe, na beseni la kuchukulia muhogo wa harusi. Akaona shamba. Akaniona. "Papa Merveille," akasema, kwa sauti ya chini inayonitisha kuliko zote, "unafanya nini huko juu?" Nikamwashiria kwa kidole asiharibu kimya.

Mama mkwe hakuuliza. Alichukua jembe akalipiga kwenye beseni kwa nguvu za mwanamke ambaye amelala chini siku tatu. Kundi zima likaruka likaelekea bondeni kama maji. Tukasikia kelele za nyavu, kisha sauti ya Déogratias ikiita watu.

Dume limenaswa, na majike mawili pamoja nalo. Walinishusha kwa kamba, wa mwisho, nyama ikiwa imeshaondoka.

Jumamosi, 22

Merveille ameolewa. Nyama ilitosha, ikabaki. Ukoo wa bwana harusi ulikula ukanyamaza, na watu wa Fizi hawanyamazi hovyo.

Msemaji wa sherehe akatangaza kwamba nyama imeletwa na Déogratias. Makofi. Nikatazama sahani yangu. Hapo shemeji akanyanyuka. Alisema wavu wake mkubwa ulikuwa umepasuka, alfajiri yote ya jana alikuwa akiushona, na kama kundi lingepita mapema angebaki mikono mitupu. "Shemeki Casimir alibakalisha bale nguruwe pale kwenye muhogo, kimya, mpaka nikamaliza. Ile kazi mi siwezi."

Makofi yale! Nilisimama, nikainama pande zote. Binti yangu akaacha meza yake ya heshima, akaja na gauni lote lile, akaniwekea mbele maini, sehemu ya mzee. Nikainamia maini nikala. Mama mkwe akamwambia Florentine, kwa sauti niliyoisikia vizuri, kwamba basi kumbe anaweza kunyamaza.

Jumapili, 23

Baada ya ibada Déogratias alinitembelea. Ameleta mbegu za muhogo za kupanda upya mistari ile, na beseni. Amesema wiki ijayo nikae shambani na beseni hilo, nipige tu, tugawane kila kitakachonaswa. Ni mtu mwema. Ila maono hana.

Nimelitafakari jambo lote na kosa nimelipata. Vyuma havikuwa na kosa. Kilichokosekana ni mahali pa kuweka mkuki. Nimechora kiti cha chuma cha kukaa juu mtini, chenye mgongo, pa kuegemeza miguu, na kishikilio cha mkuki upande wa kulia. Chuma kipo: mlango wa zizi la mbuzi haufanyi kazi yoyote kubwa. Nimeung'oa wakati Florentine akimsindikiza mama yake barabarani.

Nimempigia Bienfait. Ameuliza kama kiti kizito hivyo hakitapiga kelele. Nikamwambia achomelee tu. Mambo ya kelele aniachie mimi.