Mfuko Wangu Usio Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema! Ndeti, mshonaji wa ng'ambo ya barabara hapa mtaani Kongo, Kawangware, amejisifu kwamba ana mfuko wa amana wa wafanyakazi. Eti faida inaingia kwenye mfuko na watu wa kodi hawaioni. Mimi nashona sare za shule vizuri kumshinda, na nalipa kodi kama mjinga. Mpango: nianzishe mfuko wangu, nitie faida yote, kisha mfuko unikopeshe gari. Probox nyeupe. Akili hizi sikuzisomea!

Jumatano, 5 Machi
Nimeenda Sarang'ombe kwa binamu yangu Valerie, mhasibu. Ameeleza mpaka chai ikapoa. Pesa nikishaitoa si yangu tena. Ni ya wafanyakazi, inashikwa na wadhamini. Itahesabiwa gharama ya biashara ikiwa tu mfuko umefuata sheria na kweli ni wa kuwafaidi. Nikijinufaisha, watu wa kodi watairudisha kwenye faida yangu, na faini juu. Mfanyakazi akipewa pesa, inaweza kukatwa kodi kama mshahara. Mkopo usio na riba je? Nao una kodi yake, na mwajiri ndiye hulipa.

Nilikuwa nawaza viti vya gari.

"Ambrose, umenisikia?"

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

Nikamsifu kwa chai.

Ijumaa, 7 Machi
Wakili anayeniandikia hati ya mfuko anataka wadhamini watatu. Mimi, bila shaka. Wengine nimewachagua kwa makini: Kalekye, mkata vitambaa, ambaye hajawahi kunipinga, na mzee Wekulo wa pasi, ambaye husinzia akiwa amesimama. Wametia sahihi. Nimetuma faida yote. Mke wangu Trizah ameuliza karo itatoka wapi. Nimemwambia atulie, yeye ni mke wa mtu mwenye gari.

Jumanne, 11 Machi
Mkutano wa kwanza. Nimeomba mkopo wa gari "la kupeleka sare". Kalekye akatoa hati ya amana kwenye mkoba. Ameisoma yote! Akasema kwa upole, "Bosi, hapa wanasema mwenye biashara hafaidi."

Nikamgeukia Wekulo. Alikuwa amefumba macho. Nikashusha pumzi.

"Mimi niko na Kalekye," akasema, bila kuyafumbua.

Wawili kwa mmoja. Ndani ya kiwanda changu! Wamekalia viti vyangu!

Alhamisi, 13 Machi
Mideva, mshona vifungo, hajaonekana. Mtoto wake alilazwa na nimonia. Amepona, lakini hospitali haimwachilii mpaka bili ilipwe. Kalekye akaitisha mkutano bila kuniuliza. Wakaamua mfuko ulipe. Nilisema hapana. Halafu nikamkumbuka Mideva akimnyonyesha mtoto huyo kando ya cherehani, nikasema ndiyo. Wekulo ameandika majibu yote mawili kwenye kumbukumbu.

Mchana habari zikafika: Ndeti ameitwa na watu wa kodi. Wanufaika wa mfuko wake walikuwa yeye, mkewe na shemeji yake. Nimecheka mpaka Trizah akaniuliza kama mimi nilipanga tofauti. Nikaacha kucheka.

Jumamosi, 15 Machi
Mideva amerudi, mtoto mgongoni. Mama yake Mideva amekuja kutoka Vihiga na kuku. Amenishika kichwa akaniombea mbele ya wote, kwa muda mrefu sana. Wafanyakazi wakaitikia amina. Kalekye alikuwa akipangusa macho. Hawajawahi kunitazama hivyo. Nikawaza kwamba labda pesa ile iko mahali pazuri, na Jumatatu nitamwomba Valerie msamaha kwa kutomsikiliza.

Ndipo mama yake Mideva akasema nina sauti ya mchungaji.

Mchungaji! Kanisa lina sadaka. Je, sadaka hukatwa kodi? Valerie hashiki simu. Nimeshauliza bei ya spika.